Volani Ndogo, Mzigo Mkubwa

Ninaandika kutoka Runingu, hapa kati ya Kiliba na Sange, mahali ambapo vumbi ya barabara inaingia hata ndani ya sahani. Mwezi huu sitazungumza juu ya ndoa wala juu ya pesa za shule. Nitazungumza juu ya usukani wa gari, ao volani kama tunavyosema huku kwetu. Usicheke. Wewe mama ambaye hutashika volani hata siku moja, habari hii ni yako pia, maana ni wewe unayekaa nyuma juu ya magunia.

Siku moja ya Jumamosi asubuhi, kijana mmoja wa kanisa letu alifika nyumbani kwangu na gari. Aliniita kwa kinywa, kwa sababu honi haikulia. Gari hiyo aliitengeneza yeye mwenyewe kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja: shasi ya Hilux ya zamani, kabini ya gari nyingine, viti vya minibasi, na karoseri ya mbao na bati. Kila franga aliyopata aliiingiza mle. Mama yake aliuza mbuzi wawili juu ya batri na mipira ya magurudumu. Vijana wa kwaya walikuwa wamekwisha kuizunguka, wengine wanapiga picha.

"Pasta," akaniambia, "gari imeisha. Inabakia tu maombi. Siku ya soko naanza kubeba watu."

Nikafurahi sana. Kijana anayejenga kitu kwa mikono yake ni baraka katika kijiji. Nikapanda nikakaa mahali pa shofere. Mbele yangu palikuwa na volani ndogo, nyeusi, imeshonwa na uzi mwekundu, kama ile ya magari ya mashindano. Nikajaribu kuizungusha gari ikiwa imesimama. Ilinibidi mikono miwili, na bega likaniuma. Tena, nilipoivuta kwangu na kuisukuma, nikaisikia inacheza kidogo mkononi, kama jino la mtoto linalotaka kutoka.

"Volani ya zamani iko wapi?" nikauliza.

"Iko nyuma ya nyumba, Pasta. Ilikuwa inanigonga ku magoti. Na tena hii iko ya kisasa."

Nikashuka. Nikamwambia, "Mwanangu, leo siombi."

Uso wake ukaanguka. Mama yake, aliyekuja na kitenge kipya, akatazama chini. Kuna aliyenong'ona kwamba Pasta ana wivu. Ndiyo maana nilimshika kijana mkono, tukakaa chini ya mwembe, nikamwambia habari ambayo sikuwahi kuisema mimbarini.

Mwaka 2007, mbele sijaingia shule ya Biblia, nilikuwa shofere wa pikapu ya mfanyabiashara mmoja. Ilikuwa na direksyo yenye kusaidiwa na mafuta: injini inazungusha pompi, pompi inasukuma mafuta, na mafuta yanasaidia mkono wa shofere. Mimi nami nilipenda mambo ya kisasa. Nilinunua volani ndogo kwa mshahara wangu nikaiweka. Sikuona tofauti yoyote. Direksyo ilikuwa laini, kidole kimoja kilitosha. Wenzangu walinisifu.

Sisi mashofere tulikuwa na tabia mbaya. Kwenye mteremko tulizima injini ili kuponesha mazuti. Siku moja nilikuwa natoka Bukavu kuelekea Uvira. Wote wanaojua njia ile wanajua milima ya Ngomo, mbele ya kufika Kamanyola: kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde. Nikazima injini kama kawaida. Pompi ikanyamaza. Kwenye kona ya kwanza nikavuta, ikakubali kwa shida. Freni nazo, nilipozikanyaga mara mbili tatu, zikawa ngumu kama jiwe, kwa maana nazo zilikuwa zinasaidiwa na injini. Kwenye kona ya pili volani ilikuwa kama mti uliopandwa. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Gari ilikata kona nusu, nusu ikakataa. Bahati yetu ni kwamba upande ule ulikuwa wa mlima, haukuwa wa bonde. Tuligonga ukuta wa udongo. Mama mmoja aliyekaa kando yangu akavunjika mkono.

Siku ya Mungu iliyofuata mama yule alisimama kanisani, mkono wake umefungwa kwa kitambaa, akatoa ushuhuda. Watu wakasema ni shetani wa Ngomo aliyetaka damu. Wakapiga vigelegele. Nami nilisema Amina kubwa kuliko wote. Juu ya volani sikusema neno. Usiku uleule niliifungua ile ndogo nikarudisha kubwa, na bosi wangu hakujua kamwe.

Kijana alinisikiliza kimya. Kisha akasema, "Lakini Pasta, ile yako ilikuwa na injini imezimwa. Mimi sitazima."

Ni kweli. Lakini Hilux yake ya zamani haina msaada wa mafuta hata kidogo. Yeye, kila kona ni kona yangu ya Ngomo. Basi tukaenda kwa fundi mzee ambaye amefungua na kufunga magari mbele sisi wote hatujazaliwa.

Mzee hakubishana. Alitwaa mita ya fundi cherehani akapima. Volani ya zamani: sentimeta 40 kutoka ukingo hadi ukingo. Mpya: sentimeta 30. Akamwuliza kijana, "Umeisha kufungua ekuru ya gurudumu na kle fupi?"

"Ndiyo. Inakataa."

"Ukiingiza bomba juu ya kle?"

"Inakubali."

"Basi volani ni kle. Weye ulikata kle yako."

Ninyi wachimbaji mnaielewa hesabu hii kuliko mimi. Jiwe lililoshinda baramini fupi, baramini ndefu inaliamsha. Jiwe halijabadilika, na mtu ni yuleyule. Urefu wa chuma ndio unaosaidia. Katika volani, urefu huo ni kutoka katikati hadi ukingoni unaposhika. Kwa volani ya sentimeta 40 ni sentimeta 20. Kwa ile ya 30 ni 15. Kama kona fulani ilidai mkono wako uvute kilo 10 kwenye volani kubwa, kona ileile itadai zaidi ya kilo 13 kwenye ndogo. Ni nguvu ya theluthi moja zaidi, kila kona, kutwa nzima, huku mzigo uko nyuma na mvua imelainisha njia. Kama angechagua volani ya sentimeta 35, nyongeza ingekuwa kama sehemu moja ya saba. Sentimeta chache zinahesabiwa.

Jambo la pili: volani ndogo ina haraka. Ukisogeza mkono wako sentimeta 10 juu ya volani ya 40, inazunguka digri 29 hivi. Sogeza mkono vilevile juu ya ile ya 30, inazunguka digri 38. Kwenye barabara ya lami mtu anaweza kupenda wepesi huo. Kwenye njia yetu yenye mawimbi na mashimo, mkono unaruka wenyewe kila mara, na kila mkono unaporuka gari inayumba zaidi.

Jambo la tatu: gurudumu likiingia shimoni, pigo linarudi kwa njia ya vyuma vya direksyo mpaka mkononi. Katika gari isiyo na msaada wa mafuta, volani inaweza kuponyoka na kuzunguka yenyewe. Volani kubwa inakupa urefu wa kulizuia pigo hilo. Ndogo inakunyang'anya. Ndiyo maana mashofere wazee wa njia mbaya wanaweka vidole gumba juu ya ukingo, hawavizungushi ndani. Muulize shofere mzee akuonyeshe kidole chake.

Msomaji atauliza, kama volani ndogo ni mbaya hivyo, ni nani aliyeitengeneza, na kwa nini? Swali zuri. Haikutengenezwa kwa ubaya. Jina lililoandikwa juu ya volani ya kijana lilikuwa Momo. Nyumba hiyo ya Italia ilianzishwa mwaka 1964 na Gianpiero Moretti, dereva wa mashindano, aliyetaka volani yenye ukingo mnene unaoshikika vizuri. Mwaka uleule Mwingereza John Surtees alikuwa bingwa wa dunia akiendesha Ferrari. Magari ya mashindano ya namna ile yanakimbia juu ya lami safi, na shofere yuko peke yake.

Tena huko Uingereza kuna watu wanaonunua gari ikiwa vipande vipande, wanaiunganisha wenyewe nyumbani, kama kijana wetu. Gari moja yenye sifa katika jambo hilo ni Lotus Seven, iliyoanza mwaka 1957. Watu waliipenda ikiwa vipande kwa sababu kodi ya gari nzima ilikuwa kubwa. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham ilitwaa haki ya kuitengeneza. Gari ya namna ile ina watu wawili, uzito wake ni kama kilo 500 hivi, na ndani yake ni nafasi ya kubana magoti. Hapo volani ndogo ina akili: magurudumu ya mbele hayabebi uzito mkubwa, na mtu mwenye miguu mirefu anapata mahali pa kukaa.

Sasa linganisha. Gari ya kijana, yenyewe tu, ina uzito zaidi ya mara mbili ya ile. Weka juu yake magunia ya mihogo, mapipa ya mazuti ya wachimbaji, na mama kumi na watoto mgongoni. Ni volani ya namna moja, lakini kazi si moja. Mtu hawezi kuvaa viatu vya mchezaji mpira akaingia navyo shimoni kuchimba, hata vikiwa vizuri namna gani.

Basi mzee akafungua katikati ya volani. Alichokiona kilinyamazisha watu wote. Kati ya volani na chuma cha direksyo kuna kikombe cha chuma kinachoviunganisha. Ndani ya kikombe kuna meno madogo ambayo yanapaswa kuingiliana sawasawa na meno ya chuma. Kikombe cha kijana kilikuwa cha gari ya namna nyingine. Meno hayakulingana, naye alijaza nafasi kwa vipande vya bati ya kopo la nyanya. Ndiyo maana volani ilicheza. Na ekuru ya katikati ilikuwa imeshika nyuzi chache tu. Mzee aliifungua kwa vidole.

Siku ya soko. Mama kumi. Fikirini.

Kijana akaanza kutetemeka. Mzee hakumgombeza. Alimwambia, "Kaa, nikufundishe." Nami niliandika katika daftari, ili kila kijana mwenye kupenda magari asome.

Kwanza, mbele ya kufungua volani, simamisha magurudumu yakitazama mbele kabisa. Weka alama juu ya chuma na juu ya volani, ili ujue inarudi wapi.

Pili, fungua waya ya batri. Gari nyingi zinazotoka Japani zina mfuko wa hewa katikati ya volani, unaofumuka wakati wa kugonga. Mfuko huo una baruti. Vitabu vya Toyota vinasema ungoje angalau sekunde 90 baada ya kufungua batri mbele ya kugusa. Na ujue kwamba ukiutoa mfuko huo ili kuweka volani ya mapambo, umetoa kinga ya kifua chako na ya uso wako. Shauri langu: gari yenye mfuko wa hewa, uiachie volani yake.

Tatu, usipige chuma kwa nyundo ili volani itoke. Tumia chombo cha kuvutia. Katika magari mengi chuma cha direksyo kimetengenezwa kikunjike wakati wa ajali, kisimchome shofere kifuani. Nyundo inaweza kuvunja vishikizo vyake vya ndani, na hutaviona.

Nne, kikombe kiwe cha gari yako, meno kwa meno. Hapana bati, hapana kuchomea na moto wa suda, hapana kupiga mpaka kiingie. Kama hukupata kinachofaa, volani hiyo si ya gari yako. Na buloni zote za kushika volani ziwekwe, kama ni sita ziwe sita. Nne hazitoshi.

Tano, ekuru ya katikati iwe mpya na ikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari. Baada ya siku chache za kazi, ifungue kifuniko, uitazame tena.

Sita, honi ilie. Taa za kukata kona zizimike zenyewe baada ya kona. Saa za mbele zionekane, maana volani ndogo mara nyingine inafunika ile ya mwendo ao ya joto la injini. Zungusha volani mpaka mwisho kushoto na mpaka mwisho kuume, utazame kama hakuna kinachogusana. Kisha tembeza gari tupu, halafu na mifuko ya mchanga. Watu wanakuja mwisho.

Tulipomaliza, mzee akauliza swali ambalo sisi wote tulikuwa tumeliruka. "Magoti yanagongwa na volani. Lakini ni volani iliyo kubwa, ao ni kiti kilicho juu?"

Tukatazama. Kiti kilikuwa cha minibasi, kimechomewa juu ya vyuma vyake vya zamani, na vyuma hivyo vimechomewa tena juu ya sakafu ya Hilux. Shofere alikaa kama mtu aliyepanda juu ya meza. Walikata vyuma vya kiti, wakakishusha sentimeta 6. Wakarudisha volani kubwa, na ekuru mpya. Kijana akakaa. Magoti yakapita chini, bila kugusa. Kazi hiyo yote ilikuwa ya mchana mmoja. Yeye alikuwa amelipa dolari 25 kwa volani ya kuponya ugonjwa ambao haukuwa kwenye volani.

Wazazi, jambo hili linatokea nyumbani pia. Mara nyingi tunabadilisha kinachoonekana, kumbe kinachouma kiko chini yetu tulipokalia. Lakini nilisema leo nazungumza juu ya gari, basi nisitoke njiani.

Siku ya soko, asubuhi, kijana alirudi. Safari hii honi ililia mpaka kuku wakakimbia. Niliombea gari mbele ya mama yake na mama wa soko. Niliomba kwa furaha, maana niliijua ekuru niliyokuwa naiombea. Volani ndogo aliirudisha kwa aliyemwuzia, akapata nusu ya pesa zake.

Lakini mimi sikuwa nimemaliza. Mbele ya kuandika ukurasa huu nilikwenda kumtafuta mama yule aliyevunjika mkono mwaka 2007. Angali hai, amekuwa nyanya wa watoto wengi. Nilimwambia yote: volani, injini niliyoizima, na Amina niliyoisema. Alinyamaza kitambo, akiuzungusha mkono wake ule.

"Mkono ulipona zamani, Pasta," akasema. "Lakini miaka hii yote nilikuwa natoa ushuhuda wa nusu. Ulinificha nusu ingine."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha. Nikamwuliza kama ninaweza kuandika. Akasema, "Andika. Mashofere wasome."

Basi ninyi vijana wa Runingu, wa Misisi, wa Kamituga, wa kila mahali ambapo watu wanapanda juu ya magunia ili kufika kwao: tengenezeni magari. Msiogope kuunganisha vipande, mikono yenu ina akili. Lakini kila mnapotaka kubadilisha kitu, ulizeni kwanza kwa nini yule wa kwanza alikifanya vile. Na kwenye mteremko, injini iwake.

Nanyi akina mama, mnayo haki ya kumwuliza shofere maneno mawili mbele ya kulipa. Mwambie apige honi. Kisha mwambie aitikise volani, uone kama inacheza. Akikasirika, shuka na gunia lako, ungoje gari ingine.

Hadi mwezi ujao.